Nta Kwenye Rejeta

Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjacheka, na mkicheka mcheke taratibu, kwa sababu jambo lenyewe bado linaniuma: mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu na kibanda cha asali pale sokoni Tabora, nilimkimbia mama mkwe wangu. Sisemi nilimkwepa, au nilijifanya sipo nyumbani. Nilimkimbia kwa miguu, porini, saa nne asubuhi, yeye akiwa ndani ya gari langu na macho yake hayaoni, mimi nikiwa nimebaki na boksa peke yake. Walioniona ni wengi na baadhi yao ni wateja wangu, kwa hiyo sioni faida ya kuficha tena.

Gari lenyewe ni saluni nyeupe iliyozeeka, vioo vyake unazungusha kwa mkono. Nililinunua kwa mama mmoja aliyefiwa na mumewe, ndiyo maana majirani zangu wa Isevya waliliita Mjane tangu siku ya kwanza, na mimi wakaniita mume wa Mjane (nilikasirika wiki moja, nikazoea). Mjane akikimbia hana tatizo. Tatizo lake ni mwendo wa polepole: ukikwama nyuma ya lori, au ukimsubiri mtu sokoni injini ikiwa inaunguruma, mshale wa temperecha unaanza kupanda, na usipozima haraka gari linachemsha. Nilikaa na ugonjwa huo miezi miwili nikiutibu kwa maji ya dumu, kama tunavyofanya wengi, tusidanganyane.

Sasa mama mkwe. Yeye alitoka kijijini kwao akaja kukaa kwetu kwa sababu ya mtoto wa jicho, macho yote mawili, amefika mahali anatambua watu kwa sauti na mwanga wa mlangoni. Tukasikia kuna madaktari wa macho wanakuja hospitali moja ya Nzega kwa siku moja tu, wanafanya upasuaji, waliojiandikisha wafike asubuhi na baada ya saa saba hawapokei mtu. Zuhura, mke wangu, akamwandikisha mama yake. Ile kadi ndogo ya miadi aliiweka ndani ya msahafu wake ili isipotee, na kila jioni alikuwa anaitoa anaitazama.

Halafu kuna jambo moja mlielewe, maana bila hilo hamtanielewa. Watu wa mke wangu ni Wanyamwezi wasio na mchezo na mila. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Miaka kumi na moja ya ndoa, sura ya mama naijua kwa picha ya harusi. Akiwa na la kuniambia na Zuhura hayupo, anauambia ukuta: "Wenye nyumba wakipata nafasi, mlango wa uani haufungi." Na mimi naujibu ukuta huohuo: "Mlango utatazamwa." Tunaheshimiana sana, na tulikuwa hatujawahi kukwazana kwa sababu tulikuwa hatujawahi kuongea.

Siku moja kabla ya safari nikampelekea Mjane Fundi Masudi. Masudi ni fundi mwenye maneno machache, akikutazama tu unajua umekosea. Akaiacha injini ipate moto, akainama, akapitisha kidole juu ya rejeta, pale kwenye tangi lake la plastiki, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele unaotoa jasho la maji.

"Huu ni ugonjwa mmoja," akasema. "Na feni sijaisikia ikizunguka. Niachie gari mpaka kesho jioni."

"Kesho asubuhi nampeleka mama mkwe Nzega."

"Panda basi."

Hapo ndipo ningepanda basi. Lakini nikafikiria mama mkwe haoni, asukumane na watu stendi, na mimi mkwe wake nimshike mkono mbele ya stendi nzima, haiwezekani, na vilevile (hili ndilo la kweli) nilikuwa nimeshawaambia shemeji zangu wote kwamba mama atakwenda na gari la mkwe wake. Nikamwambia Masudi nitarudi Ijumaa. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema sawa, simu yake iko hewani.

Nikafika nyumbani nikatazama kona ya ukumbi, na pale kulikuwa na nini? Nta. Nyumbani kwangu nta haikosi, nanunua masega kwa warina asali wa Sikonge, nachuja asali, nta inabaki. Na kwetu nta ndiyo dawa ya kila kitu: ndoo ikivuja nta, mtungi ukipasuka nta, droo ikikwama nta, hata kiatu changu cha mvua nimekipaka nta. Sikufikiria mara mbili. Nikayeyusha donge zima kwenye sufuria, nikaipaka ule ufa tabaka baada ya tabaka, nikazungusha mpaka kwenye mpira wa maji wa juu kwa usalama zaidi, ikaganda ikang'aa vizuri kuliko kazi ya kiwandani. Nikawasha gari dakika tano. Hakuna tone. Nikajisifu peke yangu pale uani.

(Kama kuna mtu hapa anajua nta inayeyuka kwa joto dogo kuliko maji ya kupikia chai, anyamaze. Na mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimetoka kuiyeyusha!)

Asubuhi mtoto wetu wa mwisho akaamka na homa. Zuhura akahangaika, aende asiende, mwisho akabaki, akanipa kadi ya miadi na maneno mawili: "Nitunzie mama." Tukaondoka saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Mama kiti cha nyuma, amejifunika kitenge na kingine amekikunja mapajani, mimi mbele, na kile kioo cha kutazamia nyuma nilikigeuza kikatazama dari, ili macho yangu yasimwangukie hata kwa bahati mbaya. Nikajiona mkwe mwenye adabu kweli.

Mpaka Isikizya mambo mazuri. Baada ya hapo nikaanza kusikia harufu tamu, nzito, ile harufu ya ukumbini kwangu, na kutoka nyuma sauti ikauambia mlango wa gari:

"Kuna mtu anatega mzinga huku?"

Sauti ikaendelea, taratibu, kama mtu anayekumbuka mambo yake. "Marehemu baba alikuwa akichonga mzinga mpya anaupaka nta ya moto ndani. Nyuki wanaohama wakisikia ile harufu wanakuja wenyewe kukaa."

Nilitabasamu. Nikasema moyoni, kumbe mama ana hadithi nzuri, nitamsimulia Zuhura. Haikuniingia akilini kabisa kwamba ananiambia kitu. Na hapa niungame jambo la pili ambalo pale sokoni halijulikani: mimi nauza asali lakini nyuki nawaogopa kufa. Nilipokuwa mdogo waliwahi kunivamia kichwani, na mpaka leo nikimwona mmoja dirishani natoka chumbani mimi. Mzinga sijawahi kuusogelea. Nyinyi mnaoniita Bwana Asali mmekuwa mnamtukuza mtu mwingine.

Tulipokaribia Puge tukakuta wanatengeneza barabara. Magari yanateremshwa kwenye mchepuko wa vumbi katikati ya miombo, na mbele yetu lori la tumbaku linatambaa. Mwendo wa polepole, mnaona? Mshale ukaanza kupanda. Ukapita nusu, ukapita robo tatu. Nikampigia Masudi.

"Washa hita yote mpaka mwisho, fungua vioo," akasema. "Iteme joto ndani."

"Ndani yumo mama mkwe."

"Basi atoe jasho."

Oktoba, jua la Tabora mnalijua, na mimi nawasha hita. Nikaliambia dari: "Vioo vifunguliwe vyote, gari linapunguza joto." Akafungua vya nyuma, mimi nikafungua vya mbele, na ule moto ukaingia miguuni kama mtu amemwaga makaa. Nikasikia mama anajipepea.

Haikusaidia. Moshi mweupe ukaanza kutoka pembeni mwa boneti, nikalipeleka gari kando chini ya miti na kulizima, lori likaenda zake, tukabaki sisi wawili. Nikatazama saa: saa tatu na nusu. Nilianza kumwona Zuhura na ile kadi yake, namwambia mama hakuonwa kwa sababu mumeo alipaka nta.

Nikafungua boneti, nikaiegemeza kwenye kile kifimbo chake. Nta yote ilikuwa imetiririka, imepaka rejeta mbele na nyuma, imedondokea kwenye injini inaunguzwa pale, harufu imejaa pori zima. Mfuniko wa rejeta sikuugusa, angalau hilo nalijua, maji yanayochemka yanaruka usoni. Nikampigia Masudi tena, akaniambia nikisubiri injini ipoe niwashe swichi tu, bila kupiga starti, nisikie kama feni inazunguka. Nikawasha swichi. Feni ya hita ikavuma, lakini feni ya rejeta kimya.

"Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo," akasema. "Fuata waya wa feni mpaka kwenye plagi yake, itakuwa imelegea. Itingishe, isukume ndani."

Niliitingisha, niliisukuma, nikaipiga hata na bisibisi, feni haikujibu. Simu ikakatika. Na ile swichi, nikasahau kuizima. Niliiacha vilevile.

Nyuki wa kwanza alitua kwenye mkono wangu. Nikaurusha mkono. Wa pili akatua kwenye rejeta, akatembea juu ya nta polepole. Wakaja wanne, wakaja kumi, nikarudi nyuma hatua moja moja. Halafu nikasikia mvumo kutoka juu ya miti, nikainua kichwa nikaona wingu jeusi linashuka, kundi zima linalohama, na kabla sijapata pumzi wakaanza kujibandika chini ya boneti ya Mjane, wananing'inia pale juu ya feni ya rejeta kama shada la zabibu. Sijawahi kuogopa hivyo, na naomba mniamini kwamba siongezi chumvi.

Kutoka ndani ya gari sauti ikauambia mlango: "Waachwe tu. Wanapumzika, hawana watoto wala asali ya kulinda. Wasiguswe."

Sasa mtu anayejua anakwambia usiguse. Mtu aliyelelewa na mrina asali. Lakini mimi natazama saa, saa nne kasoro, natazama lile shada, na akili yangu ya woga ikaniambia, ukiifunga boneti wamefungiwa, hawatakufikia. Nikachukua tawi refu, nikanyata, nikakisukuma kile kifimbo. Boneti ikaanguka puu! Gari zima likatikisika, plagi ikaingia mahali pake, na feni ya Mjane, iliyokuwa imelala miezi miwili, ikazunguka.

Iliwasaga. Ule mlio sitausahau. Nilikuwa nimefanikiwa kutengeneza gari kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Wakatoka kwa hasira kwenye matundu ya mbele, chini, pembeni, wa kwanza akanipiga shingoni, wa pili kwenye sikio, wakaingia ndani ya shati, na mimi nikakimbia. Sikuamua kukimbia, niliona tu niko porini. Nikavua shati nikiwa mbioni, wakaingia suruali, nikaivua suruali (mkanda niliukata au niliufungua sijui), nikavuka kichaka cha miiba, nikavuka mtaro, mkononi nimebaki na simu. Nilipotokea upande wa pili wa kona nikajikuta nimeingia kwenye foleni ya mchepuko. Mabasi mawili yamesimamishwa, abiria wameshuka wananyoosha miguu, wafanyakazi wa barabara na makoleo yao. Na mimi hapo, boksa lenye tundu nyuma, mikono naipunga hewani kama nacheza ngoma.

Walicheka. Mama mmoja alimfunika mtoto wake macho. Simu zikaanza kuinuliwa, na nikasikia kabisa mtu anasema, "Si ndiye Bwana Asali yule?"

Dada aliyekuwa ameshika bendera nyekundu akanikimbilia na koti lake la kung'aa, akanivika, akauliza, "Kaka, nyuki? Uko na nani huko?"

Nikamjibu: "Niko peke yangu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Labda pumzi ilikuwa imeniishia. Labda nimezoea mno kutomtaja wala kumtazama, mpaka akatoka kichwani kama hayupo. Lakini maneno niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, na mama alikuwa nyuma ya ile kona na vioo vinne viko wazi, vioo nilivyovifungua mimi.

Simu ikaita mkononi. Zuhura.

"Mmefika? Homa ya mtoto imeshuka. Nipe mama niongee naye."

Mwili mzima ukaniganda. Hata zile sehemu zilizokuwa zinawaka moto kwa sumu ziliganda. Nikakata simu, nikamgeukia yule dada nikasema, "Mama yumo ndani ya gari. Haoni."

Kicheko kikafa palepale. Mzee mmoja wa makoleo, Maganga, akatupa koleo lake, akaokota majani mabichi, akayawasha juu ya kipande cha gunia, akanipa fungu moja linalofuka moshi na lingine akashika yeye. "Twende," akasema. "Usikimbie, usipunge mikono."

Zile mita mia tatu za kurudi ndizo ndefu kuliko safari yote. Kila hatua nilikuwa nataka kugeuka, nawaambia ukweli, miguu ilikuwa inaomba ruhusa. Nilikuwa namwona mama amelala kiti cha nyuma uso umevimba, namwona Zuhura mlangoni, nilianza mpaka kupanga nani atapigiwa simu kwanza huko kijijini kwao. Nililia, na moshi ulinisaidia kusingizia.

Tulipolifikia gari, feni ilikuwa haizunguki. Nyuki walikuwa wengi juu ya boneti, wengine wanazunguka hewani, na vioo vyote vinne vilikuwa vimepandishwa mpaka juu. Ndani, kiti cha mbele, kulikuwa na furushi la vitenge lisilotikisika.

"Mwangaluka mayo!" Maganga akamsalimia kwa Kinyamwezi.

Furushi likasogea. "Mwangaluka," likajibu.

Kumbe yule mama, haoni, akapapasa mlango kwa mlango, akazungusha kioo cha nyuma kushoto, cha nyuma kulia, akapenya katikati ya viti akazungusha vya mbele, halafu akafuata mvumo wa hita mpaka mkono wake ukagusa ufunguo, akauzungusha mpaka kelele zikakoma. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Nyuki walioingia mle ndani aliwaacha watembee juu ya kitenge mpaka wakatulia. Alidungwa mara nne tu: mkono, shingo, na mbili kwenye kope la jicho la kushoto.

Maganga alipuliza moshi kando ya boneti, taratibu, anaongea na wale nyuki kama anabembeleza, mpaka wakarudi kujikusanya. Tulipoinua boneti akalipangusa shada kwa jani, likaangukia kwenye ndoo, akaifunika kwa gunia. Akaniuliza kama nta ile nilipaka mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Hakucheka, akasema tu, "Umetega vizuri."

Mlango wa mbele ukafunguka, mama akashuka akitazama mahali nilipo kwa macho yake ya ukungu. Mimi nina koti la kung'aa juu na chini nina majanga. Akaliambia gari:

"Naona kama mtu juu amevaa, chini hakuvaa. Au ni haya macho?"

"Ni macho, mama," nikasema.

Akakikunjua kitenge chake cha pili, akakinyoosha upande, amegeuza uso. "Basi na kitenge hiki kishikwe, kwa sababu ya haya macho."

Nikajifunga kitenge cha mama mkwe. Injini ilikuwa imepoa, tukajaza maji, na Masudi kwenye simu akasema niufunge mfuniko wa rejeta nusu tu ili presha isijae na kuupanua ule ufa, kila baada ya kilomita kumi nisimame nitazame maji. Feni sasa ilikuwa inazunguka yenyewe kila mshale ukipanda. Tukafika Nzega saa saba kasoro dakika chache, nikaingia mapokezi ya hospitali na kitenge chenye maua, koti la barabarani, na sikio limevimba kama andazi. Muuguzi aliniuliza mgonjwa ni yupi.

Daktari akamtazama mama, akatikisa kichwa. Jicho la kulia tayari. La kushoto kope limevimba, hawezi kuligusa, lisubiri mpaka watakaporudi miezi mitatu ijayo. Nilisimama pale nikaliona kosa langu kwa hesabu ambayo hata mtoto anaielewa. Mama alikuja kwa macho mawili, akapata moja. Lile jingine nililichelewesha mimi na nta yangu.

Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Zuhura alikuwa amekuja na basi la alfajiri (na suruali yangu ndani ya mfuko), na mimi nilisimama mlangoni nimetazama nje kama inavyotakiwa. Nikasikia mama anaanza kusimulia, na sikuamini.

"Nyuki walipokuja, mkwe aliwahi," akasema. "Akapandisha vioo vyote, akanifunika, akazima gari. Ndipo akaenda kutafuta moshi."

Zuhura akaja akanishika mkono, machozi yanamtoka. Akaniambia asante mume wangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Ndiyo."

Alipotoka kwenda kununua chai, wodini tukabaki mama na mimi na ukuta. Halafu akauambia ukuta, kwa ile sauti yake ya kila siku:

"Pori lile ni kubwa. Mtu akikimbia anaweza asirudi. Ninamshukuru aliyerudi."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nilikaa na ile "ndiyo" wiki tano. Shemeji zangu wakanisifu, mmoja akanitumia mbuzi, nikamla. Wiki iliyopita, usiku mmoja, nikamwambia Zuhura yote, hata lile la "niko peke yangu". Hakupiga kelele, alikwenda kulala chumba cha watoto siku mbili, siku ya tatu akaniwekea chakula mezani akasema jicho la pili ni Januari, nani anampeleka.

Nitampeleka mimi. Rejeta ni mpya, plagi ya feni Masudi ameibadilisha mbele ya macho yangu, na nta kwenye gari langu haitaingia tena hata ya kupaka kiatu. Na kile kioo cha kutazamia nyuma nimekirudisha mahali pake, kinatazama kiti cha nyuma. Jana nilimpeleka mama kupimwa kope, nikainua macho kwenye kioo nikamwona, na yeye kwa jicho lake moja jipya alikuwa ananitazama. Hakugeuka, na mimi sikugeuka.

Akakohoa kidogo, akauambia mlango wa gari: "Suruali ya akiba imewekwa?"

"Imewekwa, mama," nikamjibu yeye.